Viganja vya Waashi

Kwa miezi minne ya mwisho ya maisha ya baba yake, mtafiti mmoja wa kike aliiosha miguu ya mzee yule kila asubuhi, akaikausha kwa taulo, akaipaka mafuta, na hakuona kitu. Jambo hili hulikiri mwenyewe mbele ya wanafunzi wake kila mwaka, katika mhadhara wa kwanza, bila kupunguza neno. Nyayo za baba zilikuwa nene, za rangi ya manjano, ngumu kama soli, na ugumu ule ulikoma ghafla pembezoni mwa mguu kana kwamba mtu ameuchorea mpaka kwa penseli. Yeye, ambaye mshahara wake ulitokana na kutazama tofauti ndogo kabisa baina ya mwili na mwili, aliona tu nyayo za mtu aliyefanya kazi nyingi.

Wakati huo alikuwa katika mwaka wake wa tisa kwenye maabara ya vinasaba. Friza mbili zilinguruma kando ya ukuta, na ndani yake mlikuwa na mirija elfu tatu na mia mbili ya damu: nusu ya watu waliougua saratani ya umio, ile njia inayopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni, na nusu ya watu wasiougua, wenye umri na maisha yanayolingana na ya wenzao. Vinasaba ni maandishi marefu ya herufi nne tu. Watu hufanana karibu kila mstari, kisha wakatofautiana herufi moja hapa na nyingine pale. Kazi yake ilikuwa kuuliza ni herufi zipi zinazojitokeza zaidi kwa wagonjwa kuliko kwa wazima. Majibu yalikuja kwa matone. Hii huongeza hatari kidogo, ile kidogo zaidi. Tumbaku, pombe na vinywaji vya moto mno navyo vina sehemu yao. Aliuzoea ulimwengu huo wa vitu vidogo vidogo, kiasi kwamba kikubwa, kilichokaa naye mezani tangu utotoni, kilimpita machoni. Mganga hajigangi, wahenga walisema, na hawakuhitaji maabara kulijua hilo.

Ukoo wao ulikuwa wa waashi wa mawe kwa vizazi vinne. Ngazi za mahakama, nguzo za shule ya wasichana, tao la kituo cha reli ambalo wageni hulipiga picha bila kuuliza nani alilijenga: vyote vilitoka katika ua mmoja wenye vumbi jeupe, nyuma ya nyumba yao. Na ukoo ulikuwa na desturi yake. Mtoto akitimiza miaka minane, mkuu wa mafundi humketisha juu ya jiwe, akamfungua viganja na kuvipitishia kidole gumba polepole. Ngozi ikiwa ngumu, mzee hutamka, "Huyu anao mkono," na siku hiyo hiyo mtoto hupewa nyundo ndogo. Ikiwa laini, husema, "Huyu mpelekeni shule," kwa sauti ya mtu anayetoa pole. Wasichana nao walikaguliwa, ingawa kwa heshima tu, maana hawakupewa nyundo.

Kaka yake alikuwa na mkono. Alikua akawa fundi ambaye ukuta wake haukuwahi kuinama hata unene wa ukucha, na watu wakamwita Timazi, kwa jina la ule uzi wenye uzito ambao waashi hupimia unyoofu wa ukuta. Zamu ya dada yake huyu mtafiti ilipofika, baba alimshika kichwa akasema, "Wewe Mungu amekunyima mkono, mwanangu. Soma." Basi akasoma, hadi nyumbani wakaacha kumwita jina lake wakamwita Daktari, japo kwa kejeli kidogo, kwa kuwa hakuwahi kumchoma mtu sindano.

Waashi wale walikufa kwa koo. Babu, kisha baba mkubwa, kisha baba: kwanza mkate ulikwama, halafu uji, halafu maji. Nyumbani waliuita ugonjwa huo koo la vumbi, na nani angetafuta sababu nyingine? Kila aliyekufa alikuwa amevuta vumbi la mawe miaka thelathini. Daktari mwenyewe aliandika ukurasa mzima juu ya vumbi katika tasnifu yake. Hakuuona mtego uliotegwa na desturi yao wenyewe: kwa kuwa wenye viganja vigumu ndio peke yao waliopewa nyundo, basi viganja, vumbi na koo vilitembea pamoja kizazi baada ya kizazi kama ndugu watatu walioshikana mikono, na hakuna ambaye angejua yupi anamvuta mwenzake. Ni kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa pili akilifanya humkatia alama.

Miaka miwili baada ya mazishi, Shangazi, dada wa baba yake, alikuja kukaa kwake wiki moja ili apimwe macho. Alikuwa mpiga chapa wa mahakama aliyestaafu, mwembamba, mwenye mgongo ulionyooka kama rula.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mbona umekonda? Hizo chupa zako hazikulishi?"

Siku ya pili, mchana, Daktari alimkuta sebuleni ameitumbukiza miguu katika beseni la maji ya uvuguvugu, na jiwe la kusugulia miguu mkononi.

"Njoo unisaidie hapa kisiginoni, mgongo umekataa kuinama. Au madaktari wa chupa hawashiki miguu?"

Daktari alicheka, akapiga magoti, akaushika mguu. Alisugua mara tatu au nne. Kisha mkono wake ukasimama. Ngozi ilikuwa nene, ya manjano, na pembezoni ilikoma ghafla, kwa mstari ule ule uliochorwa kwa penseli.

"Shangazi, uliwahi kuchonga mawe?"

"Mimi? Miaka thelathini na miwili nimepiga chapa hukumu za watu. Jiwe nililowahi kushika ni hilo ulilonalo."

"Nionyeshe viganja."

"Viganja ndivyo hivi. Babu yako alivikagua, akaguna kama mtu aliyeona nyama nzuri imeangukia mchangani. Akasema mkono huu ni mzuri kuliko wa kaka zangu wote, umekosa mwenyewe." Akaugeuza mkono huku na huku. "Mbona unanihoji kama mshtakiwa? Nimeiba nini?"

Daktari alikuwa akikumbuka picha. Kila mwaka, katika somo la magonjwa adimu ya kurithi, alitumia dakika tano kueleza hali inayojulikana katika familia chache sana duniani: herufi moja iliyobadilika katika jeni moja hufanya ngozi ya viganja na nyayo kuwa nene tangu utotoni, na ukubwani humweka mtu katika hatari kubwa mno ya saratani ya umio. Aliwaonyesha wanafunzi picha ya viganja vilivyooshwa, vikalazwa juu ya kitambaa cheupe. Miaka sita aliionyesha picha hiyo. Hakuvitambua viganja vile kwa sababu havikuwa vimeshika nyundo.

Mezani siku hiyo alimtazama Shangazi akila. Mkate aliuchovya kwenye chai hadi ukalegea, na kila tonge alilisindikiza kwa funda la maji.

"Tangu lini unasukuma chakula kwa maji?"

"Tangu mvua za mwaka jana. Uzee huo."

"Baba naye alisema ni uzee."

Shangazi alikiweka kikombe chini. "Mahakamani," alisema, "jambo kama hilo halisemwi bila ushahidi. Nipeleke tukautafute."

Ushahidi ulipatikana wiki hiyo hiyo. Mrija mwembamba wenye kamera ulishushwa kooni, na chini kidogo ya katikati ya umio kukaonekana uvimbe, ambao ulikuwa bado haujavuka ukuta wa njia ile. Shangazi alipasuliwa, akapoteza kilo tisa na sauti yake kwa mwezi mzima, lakini akapona. Damu yake na ya Daktari zilisomwa na mwenzake wa maabara, ambaye hakuambiwa ni za nani. Katika sampuli ya kwanza, ya Shangazi, herufi ile moja ilikuwa imebadilika. Katika ya pili ilikuwa salama.

Daktari aliisoma karatasi hiyo mara mbili, akaikunja. Aliyemjia akilini hakuwa Shangazi, ambaye tayari alikuwa mikononi mwa wapasuaji, wala si yeye mwenyewe. Alikuwa kaka yake, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, mwenye mkono mgumu kuliko wote.

Shangazi alipopata nguvu za kutembea, walimwendea uani. Timazi alikuwa akiandaa mawe ya tao la maktaba mpya, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupewa. Mafundi saba waligonga kwa mapigo yasiyolingana. Yeye alikuwa ameinamia jiwe la kona, uso mweupe kwa vumbi kama mwokaji mikate.

"Ahaa, daktari wa chupa," alisema. "Leo umewakumbuka ndugu zako wa vumbi. Shikamoo, Shangazi. Mpeni kiti, jamani, msimsimamishe mgonjwa."

"Mgonjwa ni nani?" Shangazi aliuliza, akakaa.

Daktari alieleza kwa utaratibu, kama alivyojifunza kueleza: herufi, ngozi, umio, kwamba mzazi mwenye alama hii huweza kumpa kila mtoto au kumnyima, sawa na kurusha sarafu, kwamba anayechunguzwa mapema hutibiwa mapema. Timazi alisikiliza bila kuweka nyundo chini.

"Kwa hiyo huu mkono ni ugonjwa."

"Mkono wenyewe hauna ubaya, Kaka. Ni alama tu. Kinachoifanya ngozi iwe nene ndicho kinachouhatarisha umio."

"Mimi nakula vizuri. Muulize mke wangu, analalamika."

"Baba naye alikula vizuri akiwa na umri wako."

"Baba aliuawa na vumbi."

"Shangazi hakuvuta vumbi."

"Shangazi aliugua kama watu wanavyougua." Sasa aliiweka nyundo. Hakupandisha sauti. "Sikiliza, mdogo wangu. Watu wanakuja hapa kutoka mbali, wananishika mkono, wanasema kumbe huu ndio mkono wa fundi. Babu aliushika hivyo hivyo, akanipa nyundo. Wewe unakuja na karatasi, unaniambia hawakuwa mafundi, walikuwa wagonjwa. Sasa mimi niwe nani?"

Akalirudia jiwe lake. Daktari alisimama na karatasi yake mkononi. Alitambua kwamba kaka yake haogopi mrija wala kisu. Alikuwa tayari kufa akiwa mwashi kuliko kuishi akiwa mgonjwa, na hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha njia ya tatu.

"Nipe nyundo," Shangazi alisema.

"Shangazi, umetoka hospitalini juzi."

"Nimesema nipe nyundo. Na patasi. Hiyo yenye ncha bapa, au ipi? Mimi sijui, ndiyo maana nauliza."

Mapigo uani yalikoma moja baada ya jingine. Timazi alimpa nyundo na patasi kwa jinsi mpwa anavyompa shangazi yake kitu, kwa mikono miwili. Mwanamke yule aliweka patasi juu ya jiwe la kona, akafumba jicho moja, akapiga. Patasi iliteleza. Kipande cha ukubwa wa sabuni kilimeguka kikaanguka miguuni pake.

"Shangazi! Hilo jiwe ni kazi ya siku mbili!"

"Nimeliharibu?"

"Umeliharibu."

"Lakini mkono si ninao?" Alivifungua viganja vyake, akaviinua ili mafundi wote wavione. "Tazameni. Baba yangu alisema ni mzuri kuliko wa kaka zangu wote. Sasa mbona sijui kuchonga?"

Timazi alikiokota kile kipande kilichomeguka.

"Nakuuliza kama shahidi. Jibu."

"Kwa sababu hukufundishwa."

"Wewe nani alikufundisha?"

"Baba."

"Miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja, ndipo akaniachia tao la kwanza."

"Haya. Mkono ulizaliwa nao, huna sifa yoyote hapo. Hata mimi ninao, na jiwe lako nimelivunja. Ufundi umeutafuta kwa miaka kumi na mmoja. Sifa yako usiipe ngozi, baba. Ngozi haijui kujenga tao."

Fundi mmoja alikohoa ili asicheke. Timazi alichuchumaa, akapitisha kidole gumba kwenye kona iliyomeguka, mara moja, mara mbili, kama mtu anayepima hasara. Kisha akamtazama dada yake kutoka chini.

"Hiyo kamera inaingilia wapi?"

"Mdomoni."

"Afadhali," alisema, na ua mzima ukaangua kicheko.

Siku ya uchunguzi Daktari alikaa ukumbini nje ya mlango, akahesabu vigae vya sakafu, kwa kuwa pale hakuwa daktari bali ndugu wa mgonjwa kama wengine. Waliona mabaka mawili madogo katika umio wa Timazi. Moja lilikuwa limeanza kugeuka saratani, lakini juu juu tu, na yote mawili yalikwanguliwa kwa mrija ule ule bila kupasuliwa popote. Mtaalamu alisema kwamba angechelewa miaka miwili wangekuwa na mazungumzo mengine. Timazi alipoamka, sauti ilikuwa ya kukwaruza.

"Wamekuta nini?"

"Nyufa mbili. Wameziziba."

Alifikiri kidogo. "Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Baba alikuwa anatuambia kila siku, na sisi tukadhani anazungumzia kuta."

Kilichofuata hakukipanga Daktari. Kaka yake ndiye aliyeuita ukoo mzima, akauosha ukuta mrefu wa uani kwa maji na brashi, akampa dada yake chaki. Daktari alianza kuchora mti wa ukoo kama wanavyouchora wataalamu wa vinasaba, mraba kwa mwanamume na duara kwa mwanamke. Alipofika kizazi cha pili, Timazi alimnyang'anya chaki.

"Mstari wako umelewa," alisema, akaleta pimamaji na uzi.

Wakaja mmoja mmoja, wakavua viatu, wakafungua viganja. Alikuja binamu aliyekuwa keshia, ambaye miaka yote alificha mikono mfukoni akihofu watu wasidhani ni kibarua. Alikuja binamu mwingine wa ng'ambo ya mto, ambaye hakuwa na alama na aliona haya kana kwamba amefeli mtihani. "Simama tu hapo," Shangazi alimwambia, "wenye ngozi laini pia ni watu." Kila mwenye alama mraba wake au duara lake lilijazwa chaki, na aliyekufa alipigiwa mstari. Walipomaliza, mti ulikuwa na vizazi vinne na watu hamsini na wawili. Watu walirudi nyuma hatua kadhaa wakautazama kama wanavyotazama jengo lililovuliwa majukwaa. Hakuna aliyelia. Mke wa marehemu baba mkubwa aliugusa mstari wa mumewe kwa kidole, kwa wepesi, asiufute, akasema, "Kumbe hakuwa na uzembe wa kutovaa kitambaa puani. Miaka yote nimemlaumu."

Kwa ridhaa yao, bila majina, Daktari aliupeleka mti huo katika mkutano wa watafiti wenzake. Profesa wake alipendekeza uchorwe upya kwa kompyuta. Alikataa kwa adabu, akaonyesha picha ya ukuta. Alieleza kosa lake lote, kuanzia miguu ya baba hadi ukurasa wa vumbi katika tasnifu, na ukumbi ukamsikiliza kwa kimya ambacho hakuwahi kukipata kwa mirija elfu tatu. Katika maswali, mzee mmoja wa mstari wa mbele aliuliza ni programu gani iliyochora mistari iliyonyooka namna ile.

"Ni kaka yangu," alisema. "Ni mwashi." Na neno hilo la pili alilitamka kama mtu anayetaja cheo.

Vumbi halikuachiwa huru moja kwa moja, maana lina madhara yake kwa mapafu. Mafundi wote uani sasa huvaa barakoa. Tao la maktaba lilikamilika. Damu za ukoo zilisomwa, na watu kumi na wanne wakapatikana na herufi ile. Binti wa Timazi, ambaye hana alama na viganja vyake ni laini kama vya Daktari, shangazi yake, aliomba nyundo alipotimiza miaka minane, akapewa. Wale kumi na wanne huchunguzwa umio kila mwaka, na watoto wao watakaoirithi herufi hiyo wataanza wakifika miaka ishirini. Tangu mwaka ule hakuna mtu wa ukoo wao aliyezikwa kwa sababu ya koo.